Bi Mwalimu Ajibu: Binti Kapata Mwaka wa Shule Marekani, Bibi Yake Hataki Kusikia

Barua tatu za mwezi huu zahusu jambo moja, vijana na ule mwaka wa kusoma ng'ambo, kwa hivyo nimeziweka pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, maana najua wako wazazi wengi mjini hapa wenye swali hilohilo ambao hawajaandika.

SWALI

Assalaam aleikum Bi Mwalimu. Mimi ni makanika hapa Kisauni. Binti yangu wa pili ana miaka 16, yuko Gredi ya 10. Amepita usaili wa mpango wa YES, ule unaolipiwa na serikali ya Marekani, na Agosti anatakiwa aende akakae na familia ya huko asome mwaka mzima. Sisi hatutoi hata senti. Mimi nimefurahi, lakini mamangu ameapa kwamba mtoto akienda, yeye hatakula kwangu tena. Asema mtoto wa kike halali nyumba ya watu wasiojulikana, na kwamba atakayerudi hatakuwa mjukuu wake. Mke wangu hasemi ndiyo wala la. Jirani yangu ambaye ni mwalimu naye kaniambia mtoto atapoteza mwaka bure. Nasikia wewe ulimpeleka wako. Niambie ukweli, si maneno ya kunifurahisha.
*Baba wa Binti, Kisauni*

JIBU

Waaleikum salaam, baba. Wangu nilimpeleka, naam, kwa mpango huohuo, akakaa Minnesota, jimbo la kaskazini kabisa linalopakana na Kanada. Leo ni mtu mzima, kazi yake ni kutoa mizigo bandarini Kilindini, na ana mdomo wa kuwatosha madereva wa malori na maofisa wa forodha kwa pamoja. Mdomo huo hakuondoka nao hapa. Alipoondoka alikuwa mtoto wa kuongea na leso mdomoni, ukimwita mbele ya wageni anajificha nyuma ya mlango.

Nianze na mamako, kwa sababu katika hao wote waliokuzunguka yeye ndiye aliyeona mbali. Asema atakayerudi hatakuwa yuleyule. Ni kweli, usimbishie. Mkumbushe tu kwamba Pwani haikuanza jana kutoa watoto. Wazee walipeleka vijana Lamu wakasome chuo cha dini cha Riyadha kwa Habib Swaleh, wengine Unguja, wengine wakapanda jahazi hadi Hadhramaut kule Yemen, na wote hao walilala nyumba za watu. Atakujibu kwamba hao walikuwa wanaume. Hapo atakuwa amekuweza, nawe usijitie ubishi wa bure. Ingia kwenye suala la nyumba yenyewe, ndilo linalomkosesha usingizi.

Familia hizo hazilipwi. Wanaompokea mtoto wanampokea kwa kutaka. Kanuni za Marekani zataka kila mkaazi wa nyumba hiyo aliyefikia miaka 18 achunguzwe rekodi ya jinai kabla mtoto hajapelekwa. Shule nayo lazima imkubali kwa maandishi. Kisha awepo mratibu anayeishi si zaidi ya maili 120 kutoka hapo, kiasi cha kilomita 190, anayewasiliana na mtoto kila mwezi. Nyumba ikimshinda, huhamishwa. Yote haya msomee mamako taratibu, na majina ya familia yakija, binti mwenyewe aende akakae naye kitandani amwonyeshe picha zao kwenye simu. Usiende wewe. Bibi humkatalia mwanawe, mjukuu si rahisi kumkatalia.

Lakini karatasi hazimlindi mtu asiyesema. Mfundishe binti yako, kabla hajapanda ndege, kwamba kitu kikimtia wasiwasi akiseme siku hiyohiyo, kwa mratibu kwanza na kwako pia, hata kama ni kidogo, hata kama ni aibu. Watoto wetu wa kike tumewalea na haya nyingi. Haya hiyo hapa nyumbani ina shangazi na majirani wa kuifidia, kule haina mtu.

Kuhusu dini, mpango huu Bunge la Marekani liliuanzisha 2002, mwaka mmoja baada ya yale mashambulizi ya Septemba 2001, kusudi vijana wa nchi zenye Waislamu wengi wakae na Wamarekani mezani, wajuane kwa sura badala ya kwa taarifa ya habari. Umebeba majina ya maseneta wawili, Edward Kennedy na Richard Lugar. Kwa hivyo mtoto mwenye hijabu na mswala wake si kioja kwa wanaouendesha. Wangu aliwekwa kwa wakulima wa mahindi na soya, Walutheri wa kwenda kanisani kila Jumapili. Hawakumlazimisha kitu. Mama wa kule alikuwa akimpeleka Minneapolis, mji uliojaa Wasomali, akanunue nyama kwenye duka lao, wakirudi anaigawa kwenye mifuko midogo, anaiandika jina la binti yangu kwa wino mweusi na kuiweka pembe yake ndani ya friza, isichanganyike na nguruwe wa nyumba. Mimi nilipoiona picha ya ile friza nililala usingizi wa kwanza mzuri tangu aondoke. Siku ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, wenzake walipokula bata mzinga, yeye alikula viazi na pai ya maboga, akashiba.

Na Ramadhani isiwatishe. Kwa miaka hii inaangukia Februari, na Februari kule jua huchelewa kuchomoza na huwahi kutua, funga yao inakuwa fupi kuliko yetu. Kinachotesa ni kufunga peke yako, bila adhana, bila mtu wa kukuamsha daku. Mwambie aweke kengele ya simu, na siku moja moja mpigieni anapofuturu, japo yeye atakuwa na uji na nyinyi mna usingizi.

Baridi nayo ni baridi kweli, Januari hushuka nyuzi 20 chini ya sufuri na zaidi. Hiyo huzoeleka. Lisilozoeleka kwa urahisi ni ule unyonge unaokuja Novemba na Desemba, ugeni ukishaisha ladha na jua likizama saa kumi na nusu. Wangu katika miezi hiyo alikuwa akilia kwenye simu hadi babake, Mungu amrehemu, akatoka nje. Tuliafikiana tumpigie mara moja kwa wiki, Jumamosi saa tatu usiku wetu, ambayo wakati wa baridi ni saa sita mchana kwao. Kila siku haifai. Mtoto anayeongea na Mombasa kila siku mwili uko Minnesota na roho iko Kisauni, na huko wala huko hapati kitu. Siku moja katika kipindi hicho alipiga akicheka: bibi mzaa mama wa kule, mwenye asili ya Skandinavia, alioka mkate wa krismasi, na jiko zima likanuka iliki. Akasema alifumba macho akajiona yuko kwa muuza mahamri wa Kibokoni.

Sasa unataka kujua mwaka huo unamfanya nini mtu. Nitakuambia nilichokiona, kwa binti yangu na kwa wanafunzi wangu waliotangulia na waliofuata.

Kubwa ni kwamba huwalazimisha kujua kwao. Kila Novemba wanatakiwa wasimame darasani waeleze nchi zao. Binti yangu, mzaliwa wa Mji wa Kale, aliyecheza kwenye kivuli cha Ngome ya Yesu tangu hajaanza madrasa, alipiga simu kuniuliza: Mama, Ngome ilijengwa mwaka gani? Mimi nimesomesha historia maisha yangu yote, na mwanangu hajui! Nikamwambia, Wareno walianza 1593, mchoro ni wa Mtaliano Cairati, Waomani wakaizingira kuanzia 1696 hadi 1698. Akaniuliza tena: waliokuwemo ndani walikula nini? Swali hilo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza hapa. Kule aliulizwa na mvulana wa shamba wa miaka 15, na kwa kuwa hakuwa na jibu alikwenda kulitafuta. Aliporudi, kitu cha kwanza alichoomba ni kupelekwa Ngome kama mtalii.

La pili hutalipenda. Atarudi anauliza kwa nini. Wangu hakumaliza wiki kabla hajasema, mezani, mbele ya ami zake, kwa nini kakake haoshi vyombo. Kule baba wa nyumba alikuwa anaosha, na wavulana pia wanaosha. Ami mmoja akasema, haya basi, Mmarekani kaja. Marehemu mume wangu akakaa kimya, nikajua hasira zimempanda. Kisha akasimama, akachukua sahani yake mwenyewe akaipeleka karoni. Kakake tangu siku hiyo anaosha, kwa kununa, lakini anaosha. Jitayarishe wewe na jamaa zako kwa siku kama hiyo. Mtoto aliyeishi mwaka mzima akijipangia saa, akijitafutia marafiki kwa lugha ya tatu, ukimrudisha kwenye kuagizwa tu atagombana nawe, na mimi niko upande wake.

La tatu, kujitolea. Huko hufanyishwa kazi za bure: kugawa chakula kwa wasio nacho, kusafisha bustani za mji, kusomea wazee. Watoto wetu mwanzoni huona ni upuuzi kufanya kazi bila ujira. Wakirudi, wengi wao ndio unaowaona asubuhi ya Jumapili wakizoa plastiki pwani ya Nyali.

Ila nisikudanganye. Mwaka ule haumgeuzi mvivu kuwa mchapa kazi. Nimewaona waliorudi na lafudhi na viatu tu.

Kuhusu shule, jirani yako ana haki nusu. Mwaka wao wa shule huanza Agosti au Septemba na kwisha Mei au Juni, wetu huanza Januari. Kwa hivyo binti yako ataondoka katikati ya Gredi ya 10 na kurudi katikati ya ya 11, na masomo ya kule hayatamhesabia kitu hapa. Nenda kwa mwalimu mkuu sasa hivi, kabla ya kununua sanduku, upate barua kwamba nafasi yake na mkondo wake vitamngoja. Kisha kaeni muamue kama atajiunga na wenzake na kukimbizana na mtaala, au atarudi nyuma darasa moja. Mimi nilimrudisha nyuma. Alilia siku mbili, kisha akasahau. Mwaka mmoja ukiwa na miaka 16 si kitu, baba. Mbona tunawapoteza kwa karo na mimba na hakuna anayepiga kelele.

Mke wako asiyesema ndiyo wala la, muulize faraghani anaogopa nini. Huenda anaogopa kitu ambacho wewe na mamako hamjakitaja.

SWALI

Shikamoo Bi Mwalimu. Mimi nilikuwa Oregon, Marekani, mwaka mzima kwa mpango wa YES, nikarudi mwaka jana, sasa niko kidato cha nne. Tangu nirudi sijatulia. Marafiki zangu wa zamani wananiita Mzungu, nikieleza jambo la kule wanasema najigamba, nikinyamaza wanasema nimejitenga. Kwenye feri kelele zinanichosha, mambo ambayo zamani sikuyaona. Kule nilikuwa napenda sana karakana ya shule, nilitengeneza hadi meza. Hapa hakuna. Usiku naongea na rafiki zangu wa Oregon hadi saa nane. Mama anasema nimeleta kiburi. Mimi ninachotaka ni kurudi kule, basi.
*Mgeni Kwetu, Likoni*

JIBU

Marahaba, mwanangu. Ulipokuwa unaondoka walikuandaa: semina, vijitabu, namna ya kumsalimu mama wa nyumba. Ulipokuwa unarudi, nadhani uliambiwa maneno mawili matatu siku ya mwisho, nawe akili yako ilikuwa kwenye kuagana. Hapa kwenu nako hakuna aliyedhani kwamba mtu anayerudi kwao anahitaji kupokewa. Karibu wote niliowaona wamepita hapo ulipo. Binti yangu alikuwa akikaa kwenye baraza anatazama tuktuk zikipita, humwambii kitu.

Sasa tufanye hesabu. Saa nane usiku ya Likoni ni alasiri au jioni ya mapema Oregon. Rafiki zako wanaongea nawe wakiwa wametoka shule, wamekula, wako safi. Wewe unaongea nao badala ya kulala, asubuhi uende darasani, na Novemba una KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne. Wao hawapungukiwi na kitu, wewe unapungukiwa. Simu ikabidhi kwa mamako saa nne, na Jumamosi ongea nao upendavyo.

Kuhusu kurudi, ulitia sahihi sharti, na sina hakika kama ulilisoma. Aliyekwenda kwa fedha za serikali ya Marekani kwa viza ile ya kubadilishana wanafunzi anatakiwa akae kwao jumla ya miaka miwili kabla hajastahiki viza za kuhamia kule au zile kuu za kazi. Viza ya masomo haizuiliwi na sharti hilo. Kwa hiyo mlango uliobaki ni chuo, na funguo yake ni alama zako za kidato cha nne. Hizo hazipatikani saa nane usiku.

Kiburi anachokisema mamako sijakiona kwenye barua yako, lakini nina swali. Kule, asubuhi ulipoamka, hukumuuliza mama wa nyumba akusaidie nini? Nina hakika ulimuuliza, maana ndivyo mlivyofundishwa. Na huyu wa Likoni umemuuliza mara ngapi? Jaribu wiki hii. Usimweleze kwamba ni desturi ya Oregon.

Karakana ndiyo imenifurahisha. Unasema hapa hakuna, na wewe uko Likoni, ambako mafundi wa vitanda wanapiga randa kandokando ya barabara kutwa nzima! Hawana mashine uliyoizoea, wana msumeno wa mkono na mvule uliokauka vizuri. Mitihani ikiisha Novemba, nenda kwa mmoja wao uombe kufagia takataka za mbao, na usitaje Marekani hata kidogo hadi akuulize ulijifunza wapi kupima pembe. Na wale waliopita mpango huo hapa Pwani watafute. Wana jumuiya yao na wanakutana. Huko ndiko kwa kusimulia ya Oregon, maana kila mmoja ana yake na hakuna atakayekuita Mzungu.

Hao rafiki wa zamani, baadhi watarudi, baadhi hawatarudi. Wangu alibaki na wawili tu, na hao ndio waliosimamia harusi yake.

SWALI

Bi Mwalimu, kijana mmoja mwenye ofisi ya ghorofani hapa mjini amesema nikimpa shilingi 80,000 atamwekea mwanangu nafasi ya YES bila usaili. Nusu anataka wiki hii. Anaaminika?
*Mama wa Changamwe*

JIBU

Haaminiki. YES haiuzwi: haina ada ya kuomba, na tiketi, bima na posho ya mtoto hulipwa na mpango wenyewe. Mtoto hujaza fomu, huandika insha, hupimwa Kiingereza, huhojiwa, na asiyepita hapiti. Ipo mipango mingine halali ambayo mzazi hulipia, lakini hiyo huandikiana mkataba nawe na haikimbilii nusu wiki hii. Kama umeshampa chochote, chukua ujumbe wa simu wa malipo na namba yake, nenda navyo kituo cha polisi leo, usingoje aiache hiyo ofisi ya ghorofani.